Mkorogo wa Kwenye Kamera: Mnauziwa "Picha za Mkanda", Mnachubuliwa Mchana Kweupe

Wadau wa picha, kaeni mkao wa kula, maana leo lazima waguswe wanaoguswa. Majina hayatatajwa, lakini mwenye kamera ya kamba ya ngozi shingoni na kofia ya kuvutwa hadi kwenye nyusi atajua anasemwa nani.

Kuna ugonjwa umeingia mjini. Mgonjwa ananunua kamera ya dijitali ya mamilioni, mpya, kali, inayoona hadi kope za mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Akifika nyumbani anaanza kuiharibu. Anaiongezea chenga. Anaifubaza rangi. Anaisukuma iwe ya njano kama picha iliyosahaulika kwenye droo ya babu. Halafu anaposti na kuandika kwa Kizungu kwamba picha imepigwa kwa mkanda. Mkanda wenyewe hajawahi kuushika. Ukimuuliza alisafishia wapi, anakujibu kwa emoji ya moyo wa kahawia.

Hilo peke yake si kesi. Kila kizazi kinapenda vya kale: mitumba, vitenge vya bibi, redio za mbao. Kupenda sura ya picha za zamani si dhambi, na kamera inayoweza kukupa sura hiyo palepale bila kukaa na kompyuta hadi saa nane usiku ni baraka. Kesi iko kwenye mambo matatu: uongo, biashara na ngozi. La tatu ndilo linalouma.

KWANZA IELEWEKE KINACHOFANYIKA

Kamera ya dijitali inanasa mwanga kwa sensa. Data inayotoka pale ni ghafi, bado haijawa picha ya kuposti. Ndani ya kamera kuna kompyuta ndogo inayoamua nyekundu iwe nyekundu kiasi gani, kivuli kiwe cheusi kiasi gani, na weupe uelekee kwenye joto au baridi. Ikimaliza inakupa JPEG. Zile setingi mnazosikia zikiitwa "mapishi" ni maagizo tu kwa hiyo kompyuta: rangi punguza, vivuli kaza, chenga weka, waiti balansi sogeza kwenye nyekundu hatua tatu na kwenye bluu rudi nyuma hatua tano. Basi. Hakuna mizimu wala siri ya ukoo.

Kila kampuni inayo kwa jina lake. Canon wanaita Picture Style, Nikon Picture Control, Sony Creative Look. Ricoh GR, kale kakamera ka mfukoni, kana rangi ya Positive Film ambayo watu wanaifia. Hata iPhone, tangu toleo la 13 la mwaka 2021, ina mitindo yake ya picha. Lakini waliolivalia njuga jambo hili ni Fujifilm, kwa sababu wao wenyewe wamekuwa watengenezaji wa mikanda tangu miaka ya 1930. Walichukua majina ya mikanda yao, Provia, Velvia, Astia, Acros, wakayaingiza kwenye kamera. Mwaka 2014 wakaongeza Classic Chrome. Kamera yao ya X100VI iliyotangazwa Februari 2024 ina sura 20 za aina hiyo, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,599, yaani kama shilingi milioni 4 kwa kiwango cha wakati ule. Kaka yake, X100V, alikuwa ameshakuwa staa wa TikTok kiasi kwamba iliyotumika iliuzwa ghali kuliko bei ya mpya dukani.

Mkishaelewa hilo, njooni kwa wahusika.

YULE KAKA WA MKANDA HEWA

Wa kwanza ni kaka mmoja ambaye kila picha yake "ni Kodachrome". Machweo ya Coco Beach, Kodachrome. Muuza madafu wa Kariakoo, Kodachrome. Paka juu ya bati, Kodachrome.

Kodachrome ni mkanda wa kweli. Kodak waliutoa mwaka 1935 na wakasimamisha kuutengeneza mwaka 2009. Haukusafishwa kwa dawa za kawaida. Ulihitaji mashine na kemikali zake maalumu, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiusafisha, kule Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa Desemba 2010. Tena ulikuwa mkanda wa slaidi, wa kutazamwa kwa kuangaziwa taa ukutani. Huyu kaka mwaka 2010 alikuwa darasa la pili. Anachokijua kuhusu Kodachrome ni picha iliyoskaniwa, ikabanwa, ikaposti mtu, ikaangaliwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Anaiga nakala ya nakala, halafu anakaza shingo kuwafundisha wenzake "uhalisia".

Hakuna anayemkataza. Aseme tu, "Hii ni dijitali, nimeiwekea setingi zangu." Sentensi moja, haina gharama. Anapoandika kwamba ni mkanda, anawakanyaga vijana wachache mjini ambao kweli wananunua mkanda wa picha 36, wanafikiri kabla ya kubonyeza, wanahangaika kutafuta pa kusafisha, wanasubiri siku kadhaa, na nusu ya picha wanakuta zimeungua. Hao wakiposti, watu wanawajibu, "Kwani hii si setingi tu?" Uongo wa mmoja umeshusha jasho la mwingine.

YULE BWANA MAPISHI

Wa pili ni mfanyabiashara. Huyu anauza. Ana PDF ya kurasa tatu, jalada lina machungwa na maua makavu, ndani kuna mistari kumi ya namba. Anaita "siri zangu za rangi". Lipa namba iko kwenye bayo. Wanafunzi wa chuo wanajibana, wanaruka chakula cha mchana, wanamtumia hela.

Hizo namba ziko bure. Kuna tovuti inaitwa Fuji X Weekly ina mamia ya mapishi ya namna hiyo, kila moja na mifano yake, na yeyote mwenye bando anayasoma. Bwana Mapishi alichofanya ni kunakili, kubadilisha jina la pishi liwe "Zanzibar Gold", na kuweka bei. Kama angekuwa ameongeza kitu, ameyajaribu kwa jua la Dodoma na kwa taa za ukumbi wa Sinza, ameandika lipi linafanya kazi na lipi linafeli, angestahili kila shilingi. Mwalimu halipwi kwa kuwa na kitabu, analipwa kwa kufundisha. Lakini mteja akimrudia kulalamika kwamba picha zimetoka kijani, jibu lake ni moja tu: "Badilisha kamera."

Hapo ndipo lilipo tatizo kubwa zaidi. Pishi halijui upo wapi. Namba za waiti balansi zilizopangwa na mtu kwa jua la kiangazi la California hazijui kwamba wewe uko chini ya turubai la bluu Mbagala. Turubai linamwaga bluu kwenye kila uso, taa za ukumbini zinamwaga zambarau, ukuta wa kijani unarudisha kijani. Mpishi wa kweli anaonja mchuzi. Huyu anamwaga chumvi kwa kusoma kilichoandikwa kwenye karatasi.

SASA NGOZI

Mtu wa tatu ndiye sababu ya haya yote. Ni mpiga picha wa harusi, ana wafuasi wengi, ratiba yake imejaa, bei yake si ya mchezo. Sifa yake ni "vaibu ya filamu". Anapiga JPEG peke yake na hahifadhi faili ghafi, kwa sababu, anavyopenda kusema, "mkanda haukuwa na undo".

Akaitwa kwenye harusi. Bibi wa bwana harusi alitoka Songea kwa basi, mwanamke wa miaka themanini na kitu, mweusi wa kung'aa, kavaa kitenge kipya na kilemba cheupe. Akakalishwa mbele, karibu na bibi harusi mwenye shela jeupe. Picha zilipokuja baada ya wiki tatu, bibi hayumo. Kilemba kipo. Kitenge kipo. Katikati yake kuna shimo jeusi lenye chenga. Kwenye picha za nje mambo yakawa kinyume: maharusi wamekuwa wa rangi ya majivu, kama wamepakwa vumbi la saruji.

Shangazi mtu akampigia simu. "Mwanangu, mbona mama yangu hana macho?"

"Shangazi, hiyo ndiyo sura ya filamu. Ni mudi."

"Mudi ni nani? Mimi nakuuliza mama yangu."

"Shikamoo shangazi, nitaangalia."

Hakuna cha kuangalia. Salamu imekuja mwishoni, na faili ghafi halipo. Picha pekee ya siku ile ambayo bibi anaonekana meno yake, anacheka, ilipigwa na binamu wa darasa la saba kwa simu ya kawaida ya Android.

Kilichotokea kinaelezeka, na wala si bahati mbaya. Mita ya kamera inajaribu kuifanya picha nzima iwe ya wastani. Ikiona shela jeupe na kilemba cheupe, inashusha mwanga. Uso mweusi ulio katikati ya weupe unashuka nao. Juu ya hapo pishi limeagiza vivuli vikazwe, kwa hiyo kilichobaki usoni kinafungwa kabisa. Ukiangalia kule nje, Classic Chrome imetengenezwa kupoza rangi na kukaza vivuli; Fujifilm wenyewe wanaieleza hivyo. Ngozi ya kahawia ya Mwafrika uzuri wake uko kwenye wekundu na dhahabu iliyomo ndani yake. Poza hizo rangi, sukuma na kijani kidogo cha "uzamani", umepata majivu.

Na kuna wale wa upande wa pili, wanaopandisha mwanga hadi ngozi inakuwa ya chai ya maziwa, wanaita "glow". Wateja wengine wanashangilia. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone, mama zetu wanaonywa kila siku kuhusu mkorogo, halafu mtu analipwa pesa nzuri kuwachubua watu kwa kidole kimoja kwenye menyu ya kamera. Huo nao ni mkorogo. Tofauti yake ni kwamba hauwashi.

MKANDA WENYEWE ULIKUWA NA KESI

Watetezi watasema: ndivyo mkanda ulivyokuwa, mnataka kubadilisha historia? Haya, historia ifunguliwe.

Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipanga rangi zao kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi nyingine zote zilijitegemea. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari hiyo mwaka 2009, na moja ya mambo aliyoonyesha ni kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za kahawia kwenye mikanda ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti ilikuwa haionekani vizuri kwenye matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuonekana miaka ya 1990.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, Jean-Luc Godard, alialikwa Msumbiji kwenye mpango wa televisheni, akakataa kutumia mkanda wa Kodak akisema una ubaguzi. Afrika Kusini ya makaburu nako, kamera za Polaroid zilitumika kutengeneza picha za vitambulisho vya kuwabana Waafrika. Wafanyakazi weusi wa kampuni hiyo huko Marekani walianza kupinga mwaka 1970, na kampuni ikaondoka Afrika Kusini mwaka 1977.

Kwa hiyo mkanda haukuwa malaika. Kinachowaniwa leo kwa jina la "sura ya zamani" ndani yake kuna kasoro iliyowafuta watu weusi. Watu walihangaika miaka mingi kuirekebisha. Leo kijana wa Kiafrika mwenye kamera inayoweza kuona rangi yake vizuri kuliko mkanda wowote uliowahi kutengenezwa anaingia kwenye menyu kwa hiari yake na kuirudisha kasoro ile, kisha anatoza hela.

Na wale wazee waliopiga kwa mkanda hawakuukubali ulivyo. Tazameni picha za Seydou Keïta na Malick Sidibé wa Bamako, nyeusi na nyeupe, halafu mtafute uso mmoja uliozama. Wapi! Studio za pwani, kama Capital Art Studio ya Zanzibar iliyoanza mwaka 1930, zilijengwa na watu waliojua kumkalisha mteja, kugeuza bega, kusogeza taa, na kule chumba cha giza kuupunguzia uso wino na kuuongezea ukuta. Mkanda haukuwa na huruma, wao walikuwa na macho. Hiyo ndiyo "sura ya filamu" inayostahili kuigwa, na haimo kwenye PDF.

Kuna kichekesho kingine. Mkanda wa negativu unavumilia sana mwanga ukizidi; unaweza kuupitiliza na picha ikapona. JPEG haivumilii. Mwanga ukipitiliza, shela linakuwa karatasi tupu na halirudi. Kwa hiyo anayejigamba kwamba anapiga JPEG peke yake "kama enzi za mkanda" ameacha uvumilivu wa mkanda na kuchukua chenga zake tu.

"LAKINI WATU WANAPENDA"

Hii ndiyo ngao yao ya mwisho. Laiki ni elfu kumi, nyie wachache mnasema nini?

Laiki zinatoka kwa watu wasiomjua bibi wa Songea. Wao wanaona mudi. Familia inatafuta mama yao. Picha ya harusi haipigwi kwa ajili ya wapita njia, inapigwa ili miaka thelathini ijayo mtoto aseme, "Kumbe nimefanana na bibi." Ukimfanya bibi kuwa kivuli, umemwibia mtoto huyo kitu ambacho hata hajazaliwa kukidai.

Wengine watasema ni sanaa, msanii ana uhuru wake. Sawa. Awe huru kwenye picha zake, akipiga kuta na vivuli na paka wake. Anapopokea advansi ya familia, uhuru unaanza baada ya sura za watu kuonekana. Fundi cherehani naye ni msanii, lakini akikushonea suruali yenye mguu mmoja hutamwambia ni mudi.

BASI WAFANYEJE?

Si kwamba setingi zitupwe. Kinyume chake: zijifunzwe hadi ziwe zao.

Mwenye kamera aanzie kwenye sura ya kawaida. Provia, au Astia ambayo imetengenezwa kuwa laini, au zile za Pro Neg zilizokusudiwa picha za watu. Velvia iachwe kwa milima na bahari, ndiyo kazi yake. Awaite watu watatu wa rangi tatu tofauti, nyumbani hawakosekani, awakalishe kivulini, kisha juani, kisha chini ya taa ya sebuleni. Abadilishe kitu kimoja tu kila mara na aangalie nyuso, asiangalie ukuta nyuma. Mwanga aupime kwa uso wa mtu, asiuachie shela liamue. Vivuli avilegeze badala ya kuvikaza. Chenga ziwe mwisho, kama pilipili.

Akiridhika, ahifadhi namba zake kwenye kamera. Zina nafasi za kutosha. Ampe pishi lake jina la mtaa wake, Temeke au Mabibo, kwa sababu hapo kweli litakuwa limepikwa hapo.

Na kwa kazi ya mtu, apige JPEG na RAW kwa pamoja. Memori kadi ya ziada haifikii hata robo ya bei ya suti ya bwana harusi. Kamera nyingi za Fujifilm zinakuruhusu hata kulisafisha upya faili ghafi ndani ya kamera yenyewe, ukachagua sura nyingine bila kompyuta. Kwa hiyo kisingizio cha "sipendi kuediti" nacho kimekufa.

Mteja naye asilale. Kabla ya kutoa advansi, usiombe picha kumi bora za Insta. Omba albamu nzima ya harusi moja. Fungua ukurasa wa wazee. Watafute walio weusi zaidi, waliokaa pembeni, nje ya mwanga mzuri. Kama unawaona macho, lipa. Kama unaona vilemba vinavyoelea, sema ahsante, ondoka.

Yule mpiga picha wa vaibu, inasemekana, bado anaandikiwa na shangazi kila Jumapili baada ya ibada. Ujumbe ni uleule, hauna tusi hata moja: "Mwanangu, umempata mama?"

Amjibu nini? Uwanja ni wenu, wadau.